Barua Iliyokatwa Kola

"Kiti chako tu, mama! Wazazi wote walikuja, kiti chako peke yake kilibaki kitupu!" Dada alilitupa mezani shati la sare alilokuwa akilishona pindo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kiti gani?" mama aliuliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Mwezi huu hata changu mwenyewe sijakikalia vizuri, sembuse vya watu."

"Cha mkutano wa jana, wa wazazi wa kidato cha mwisho. Mwalimu wa ushauri alikuandikia barua wiki mbili zilizopita."

"Sijaona barua."

"Ililetwa hapa!"

"Nami nakwambia sijaiona. Unataka nikuapie kwa mkasi huu?"

Mdogo wake Dada, msichana wa miaka kumi na mbili, alikuwa ameketi sakafuni akishona vifungo. Nyumbani walimwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma. Siku hiyo hakuchoma mtu. Alikiinamia kifungo chake kama vile kilikuwa cha kwanza kukiona maishani.

Majira hayo ya mwisho wa mwaka yalikuwa magumu katika nyumba yao. Mama alikuwa fundi wa sare, na shule tatu zilitaka mashati kabla ya mwaka mpya. Dada naye alikuwa na mtihani wa mwisho baada ya wiki tatu. Alisoma akiwa na uzi mdomoni na kitabu kwenye mapaja. Chai ilinywewa watu wakiwa wamesimama. Mtu akiuliza chumvi iko wapi, alijibiwa kama aliyetukana.

Juu ya yote hayo kulikuwa na fomu ya kuchagua chuo. Ilitakiwa irudi shuleni siku hiyo kabla ya saa sita mchana, ikiwa na sahihi ya mzazi. Dada alitaka kusomea upimaji wa ardhi. Tangu utotoni aliazima utepe wa mama akapima ua, kibaraza, hata kivuli cha nyumba, na kuandika kila kitu kwenye daftari. Lakini chuo cha upimaji kilikuwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Wenzangu walikaa na wazazi wao wakajaza," Dada alisema. Sasa hakupiga kelele tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nilikaa na kiti. Basi. Nitaandika chuo cha ukarani cha hapa mjini. Siupendi ukarani, lakini angalau sitamsumbua mtu."

Akachukua kalamu.

Hilo ndilo Sindano alilolitamani kwa majuma mawili. Dada angebaki. Wangeendelea kulala kitanda kimoja, na kugombania shuka lile lile. Sindano aliingoja furaha ije. Haikuja. Alimwona Dada akiukunja utepe wa kupimia polepole, kidole kwa kidole, na kuuweka mbali naye, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Usiandike," Sindano alisema. "Barua niliificha mimi."

Cherehani ilinyamaza.

"Umesemaje?" mama akauliza.

"Dada alinipa nikuletee, siku ile aliyobaki kwa masomo ya jioni. Niliisoma njiani. Nikaitia kwenye kapu la karatasi zako za kukatia violezo vya nguo."

Mama aliliangalia kapu, kisha akaiangalia meza. Juu ya meza palikuwa na kitambaa cheupe kilichobanwa kwa pini kwenye karatasi iliyopinda kama mwezi mchanga. Alizitoa pini moja baada ya nyingine, akaigeuza karatasi ile na kusoma kwa sauti: "'...tunakuomba mzazi ufike bila kukosa...' Yesu na Maria! Nimekata kola arobaini kwa barua ya mwalimu!" Akamtazama Sindano. "Njia ya mwongo ni fupi, binti. Yako imeishia shingoni mwa watoto wa watu."

Pengine siku nyingine wangecheka. Dada alikuwa amesimama.

"Umenifanya nimvunjie mama heshima kwa kosa lisilo lake. Kwa nini, Sindano? Nimekukosea nini?"

"Baba naye aliondoka kwa basi," Sindano alijibu, machozi yakimdondokea kwenye vifungo. "Mwanzo alipiga simu kila jioni. Halafu kila Jumapili. Juzi alipopiga aliniuliza, 'Hivi sasa uko darasa la ngapi?' Baba yangu mzazi. Sitaki na wewe uje kuniuliza."

Dada aliketi chini. Mama aligeukia dirishani, na kwa muda hakuna aliyejua uso wake ulikuwaje. Alipogeuka alikuwa anaitazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu.

"Vaeni viatu," alisema.

"Na mashati, mama?"

"Mashati hayana mtihani."

Mwalimu wa ushauri alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na ofisi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba Sindano aliketi juu ya rundo la vitabu. Mama alimkabidhi kola ile ya karatasi na kumweleza yote, bila kumtetea mtu, hata yeye mwenyewe. "Na mimi nina kosa langu. Nimemtumikisha huyu mkubwa kama fundi wa kuajiriwa, wala sikumuuliza hata siku moja anataka nini."

Mwalimu aliizungusha ile kola mkononi, akatabasamu.

"Mama, kila mwaka majira haya wazazi na watoto huingia humu wamenuniana. Wanasema wanagombania chuo. Ukiwasikiliza vizuri, wengi wanaogopa kuachana, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema. Huyu mdogo amelisema leo. Amechelewa, lakini amelisema."

Kisha akamwambia mama la kufanya katika wiki tatu zilizobaki. Amwondolee Dada kazi ya pindo. Amwache alale usingizi wa kutosha. Wakati wa kula pasizungumzwe alama. Na asimlinganishe na mtoto wa jirani.

"Huyo wa jirani hata simpendi," mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Dada akacheka.

Mwalimu alimgeukia Sindano. "Kutaka dada yako abaki si kosa. Unampenda. Kosa ni kuamua maisha yake kwa kuficha ukweli. Ukiwa na hamu na mtu, mwambie, naye atajua namna ya kukutunza hata akiwa mbali. Ukificha, utamkosa akiwa kitanda kimoja nawe."

"Ningebaki hapa nimekununia maisha yangu yote," Dada alimwambia. "Nisingekwambia kwa nini, kwa sababu hata mimi nisingejua."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Hilo aliliona asubuhi, Dada alipoukunja utepe.

Dada aliandika chuo cha upimaji kwenye nafasi ya kwanza. Mama aliisoma fomu kutoka juu hadi chini, kama anavyokagua shati kabla ya kulikabidhi, akatia sahihi. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Fomu zilipokelewa kwenye dirisha la karani, mwisho wa ukumbi mrefu.

"Niipeleke mimi," Sindano alisema.

Mama alimtazama Dada. Dada akampa.

Alitembea peke yake ukumbini, fomu ameishika kwa mikono miwili. Karani alinyoosha mkono nje ya dirisha.

"Ya nani hii?"

"Ya dada yangu. Anakwenda mbali."

Karani aliishika fomu akaivuta. Haikuja. Akavuta tena.

"Mtoto mzuri, nitaigongaje muhuri na wewe hujaachia?"

Sindano akaachia.