Kura Kumi na Tisa za Mezani kwa Mama Clémentine

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Daniella alimsaidia mama yake kupokea simu. Meza yao ilikuwa kando ya barabara ya soko, huko Kikula, mjini Likasi, chini ya mwavuli mkubwa uliochujuka rangi. Jenereta ndogo ilikohoa nyuma ya meza tangu saa kumi na mbili. Kila simu iliyoletwa kuchajiwa ilifungwa kwa mpira kikaratasi chenye namba, na mwenye simu akaondoka na kikaratasi cha pili chenye namba ileile.

Safari hii umeme ulikuwa haujaonekana mtaani kwa siku ya tano. Nyaya nene zitokazo bwawa la umeme la Koni zilipita juu ya mapaa yao zikielekea kwingine. Watu wazima walikuwa wamezoea, na kuzoea huko kulikuwa kubaya kuliko giza lenyewe.

Mama Clémentine alikuwa na desturi moja ambayo wachajishaji wengine hawakuwa nayo: aliwajibia watu simu zao. Mwanamke mwenye mume anayechimba madini huko Kakanda hakutaka kukosa habari za mumewe kwa sababu simu iko kwenye chaji. Basi watu walimwachia simu zikiwa wazi, bila kufuli, na ikilia alijibu sentensi ileile: "Haiko hapa, simu yake iko ku chaji. Utapiga saa kumi."

Na alimwonya binti yake: "Unajibu, unasema ile maneno tu, unaweka simu chini. Kusoma meseji ya muntu ni sawa na kuingia mu chumba yake bila kubisha."

"Ndiyo, mama," Daniella alijibu kila mara.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Shuleni kwao, kila mwaka wanafunzi walimchagua kiongozi wao. Walipanga mstari uani, kila mmoja akaandika jina kwenye karatasi, akaitumbukiza katika boksi la sabuni lililotobolewa tundu. Kisha karatasi zilisomwa kwa sauti, moja baada ya nyingine, na kila kura ikachorwa kistari cha chaki ubaoni. Aliyeshindwa aliona kwa macho yake jinsi alivyoshindwa.

Mwaka huu wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Merdi, mlinda mlango wa timu ya shule, aliyeahidi kuomba jezi mpya. Wa pili alikuwa Noëlla, rafiki wa Daniella tangu darasa la kwanza. Noëlla aliahidi jambo moja tu: mlango wa choo cha wasichana. Mlango ule uling'oka msimu wa mvua uliopita, na tangu hapo wasichana walikimbia nyumbani wakati wa mapumziko na kurudi hesabu zikiwa zimeanza. Kisha waliambiwa kwamba wasichana hawajui hesabu.

Lakini mwaka huu ilikuja barua. Ofisi inayosimamia shule tisa za mtandao wao, ambayo kila mtu aliiita Kordinasio, ilitangaza kwamba uchaguzi utafanywa kwa simu. Ujumbe ungeingia Jumamosi saa mbili asubuhi kwenye namba ya mzazi. Mwanafunzi angejibu 1 kwa Merdi au 2 kwa Noëlla. Saa sita kamili mchana uchaguzi ungefungwa.

Direkta wa shule, Papa Germain, aliisoma barua hiyo mbele ya bendera, akaikunja mara nne.

"Kiongozi huyu ni wa shule hii," alisema. "Sanduku ni letu, hesabu ni yetu. Nimewaandikia hivyo. Wamenijibu kwamba uchaguzi wa shule zote tisa ni mali ya Kordinasio. Bon. Tutaona."

"Papa Direkta, na sisi wenye hatuna simu kwetu?" aliuliza msichana mmoja wa darasa la tano.

Papa Germain aliikunjua tena ile barua, akatafuta. Jibu halikuwamo. Nyumba yenye watoto wanne na simu moja ilihesabiwa kura moja, na nyumba isiyo na simu haikuhesabiwa kabisa.

Jumamosi, saa mbili kasoro, Mama Clémentine alikwenda kutafuta mafuta ya jenereta akamwachia Daniella meza. Simu arobaini na tatu zilikuwa zimejipanga mbele yake. Saa mbili zikaanza kulia, tii, tii, tii, moja baada ya nyingine. Daniella aliitazama ya karibu. Kioo kilikuwa kimewaka chenyewe: "Mchague kiongozi wako. Jibu 1 au 2."

Alihesabu. Simu kumi na tisa zilikuwa zimepokea ujumbe ule. Wenyewe wangerudi jioni, baada ya soko. Saa sita ingepita, kura zingeoza mezani. *Ni afadhali zitumike*, alijiambia. Akaufikiria ule mlango.

Alianza na simu namba 4, akaandika 2. Akaenda namba 7, akaandika 2. Mikono yake ilikuwa mikavu na ya haraka, kama mtu anayechambua majani ya sombe. Alipomaliza ya kumi na tisa, jasho lilikuwa limemlowesha shingoni.

Saa tano na nusu alifika Dodo, mwana wa Papa Ghislain fundi magari, akitweta.

"Daniella, unipe simu ya papa, namba makumi mbili na moja. Minye nataka kumuchagua Merdi."

Dodo alibonyeza, akasoma, akasoma tena. "Inasema asante, umekwisha kupiga kura. Mais, nani alipiga?"

"Pengine ni rezo ya simu," Daniella alisema. "Leo rezo iko mubaya."

Dodo aliirudisha simu mezani. Kisha akaitazama meza yote.

Jumatatu matokeo yalibandikwa: Noëlla kura themanini na nane, Merdi sabini na sita. Shule ilikuwa na wanafunzi mia tatu na kumi. Kabla ya saa nne, Dodo alikuwa amekwisha kusimulia, na watoto wengine watatu wakasema yaliwapata yaleyale.

"Mwizi wa kura," mtu alimwambia Noëlla mgongoni walipokuwa wakipanga mstari. Merdi aliupiga mpira ukutani, mara nyingi, kwa nguvu.

Noëlla alimwendea Daniella kwenye bomba. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wanasema minye nilipanga. Unajua minye sikupanga kitu. Sema nao, weye watakusikiliza."

Daniella alifungua bomba, akanawa mikono iliyokuwa safi, akafunga. "Nitasema," alijibu. Lakini hakusema siku hiyo.

Jumanne Madame Mathilde wa Kordinasio alikuja mwenyewe na folda chini ya kwapa. Wanafunzi wa darasa la sita waliitwa uani. Madame hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu.

"Kura za shule hii zina doa," alisema. "Kwa hiyo Kordinasio itamteua kiongozi. Na jina la Noëlla linaondolewa, kwa sababu kura zilizoibwa zilimfaidi yeye."

"Kuteua?" Papa Germain aliuliza. "Madame, minye nilipanga mstari mwaka wa elfu mbili na sita, toka saa kumi ya usiku, na mvua juu yangu, juu ya kuchagua rais. Wino ilikaa ku kidole wiki nzima, sikutaka itoke. Sasa tuwafundishe batoto kama kura ikiharibika, mkubwa anachagua peke yake?"

"Papa Germain, sheria ya shule tisa ni moja."

"Na sanduku liko kwa nani?"

"Hakuna sanduku tena. Kuna sistemu."

Walivutana hivyo mbele ya watoto, huyu akivuta kwake, yule kwake. Noëlla alikuwa amesimama katikati akitazama viatu vyake. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Daniella alimwona akifuta pua kwa mkono wa shati, kama alivyofanya siku ya kwanza ya darasa la kwanza, na miguu yake ikatoka kwenye mstari kabla hajaiamuru.

"Ni minye," alisema.

Wakubwa wawili waligeuka.

"Ni minye nilipiga kura kumi na tisa. Simu zilikuwa ku meza ya mama, ku chaji. Mama hakuwa hapo, hajui. Noëlla hajui. Minye nilitaka mlango wa choo."

Jogoo wa jirani aliwika nyuma ya ukuta. Noëlla aliinua kichwa. Uso wake ulionyesha hasira na nafuu pamoja, kwa kiasi kilekile.

"Mlango gani?" Madame Mathilde aliuliza.

Papa Germain alimpeleka akauone mwenyewe. Walikawia huko. Waliporudi, folda ya Madame ilikuwa imefungwa, naye alikuwa akizungumza taratibu zaidi. Akauliza ni wanafunzi wangapi hawana simu nyumbani. Mikono ilipanda. Akauliza ni wangapi simu ya kwao ilikuwa imezima Jumamosi. Mikono mingine ikapanda. Aliihesabu yote, kisha akakaa kwenye benchi.

"Hatukufikiria hii," alisema.

"Mliandika barua mkiwa mahali penye umeme," Papa Germain alijibu, naye akakaa.

Ndipo wakapatana. Kordinasio ingebaki na kanuni: kila mwanafunzi kura moja, ya siri, siku moja katika shule zote, na mtu wake angekuwapo kutazama. Shule ingebaki na boksi, mstari na chaki. Uchaguzi ungerudiwa Ijumaa, na Noëlla angegombea.

Papa Germain aliwaambia wanafunzi: "Msidhani ni sisi tu tunavutana. Katika nchi yetu, tume moja ya taifa inaendesha uchaguzi wa mikoa yote. Marekani, kila jimbo linaendesha wa kwake, na hugombana na serikali kuu juu ya nani ana haki gani. Wengine wanataka kura za kompyuta, wengine hawataki. Wakubwa watagombana siku zote. Ninyi muulize swali moja: yule wa mwisho kabisa katika mstari amepiga kura yake, na ameona ikihesabiwa?"

Lakini jambo gumu la Daniella lilikuwa bado linamngoja mezani.

Mama Clémentine alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alizima jenereta.

"Jioni hii," alisema, "kila mwenye simu akikuja, weye njo utamuambia. Hapana minye."

Daniella aliwaambia mmoja mmoja. Mama mmoja muuza samaki alicheka hadi akashika mbavu: "Kumbe minye pia nilichagua. Nilishinda?" Mwingine alinuna, akaondoka bila salamu. Papa Ghislain, baba yake Dodo, hakucheka wala hakununa. Alichukua simu yake, akaifuta kwa kitambaa chenye grisi.

"Mutoto wangu alikuwa na kura moja tu," alisema, "na weye uliikamata." Kisha kwa Mama Clémentine: "Mama, utanisamehe. Nitatafuta mahali pengine."

Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja.

Ijumaa mstari ulizunguka ua mzima. Karatasi mia tatu na nne ziliingia katika boksi la sabuni. Merdi na Noëlla walisimama pande mbili za ubao, na Madame Mathilde akasoma majina mwenyewe, vumbi la chaki likimwangukia begani. Merdi kura mia moja ishirini na tisa. Noëlla mia moja sabini na moja. Nne ziliharibika, moja kati ya hizo kwa sababu mtu alichora mlango badala ya kuandika jina. Merdi alitazama vistari vyake, akavihesabu kwa midomo, akampa Noëlla mkono.

"Mlango kwanza," alisema. "Kiisha jezi. Hapana kusahau."

Jioni Daniella alimkimbilia mama yake. "Mama, Noëlla alishinda mwenyewe. Sikuwa na haja ya kuiba."

"Na angeshindwa?" Mama Clémentine aliuliza, akifunga mpira kwenye simu. "Ungekuwa na haja?"

Daniella alichukua mpira mwingine, akauzungusha vidoleni.

"Sikia, mwanangu. Bantu wananiachia simu wazi, juu wananiamini. Simu ya muntu ikiwa mu mukono yako, sauti yake ingali yake. Hata kama unataka kitu kizuri. Hata kama yeye haiko. Wale wanaokamata sauti ya bantu, wote wanasema walitaka kitu kizuri. Minye nimewasikia tangu utoto. Ukitaka muntu achague ile unataka, uende umuombe, umuelezee, kiisha ungoje. Kungoja njo kazi yenyewe."

Jumamosi asubuhi, umeme ukiwa bado haujarudi, kivuli kilisimama mbele ya meza. Alikuwa Papa Ghislain. Mama Clémentine alinyoosha mkono kupokea simu, lakini yeye aliupita mkono ule, akaiweka kwenye kiganja cha Daniella. Haikuwa na kufuli.

"Wenye magari wakipiga kutoka Kakanda," alisema, "utasema nini?"

Daniella aliifunga simu kikaratasi kwa mpira, akampa Papa Ghislain cha pili.

"Haiko hapa," alisema. "Simu yake iko ku chaji. Utapiga saa kumi."

"Njo vile," alisema Papa Ghislain, akaenda zake kazini.