Maji Yaliyopozwa kwa Haraka

Kila asubuhi Nyanzala aliamka jogoo akiwa bado anasafisha koo. Alifagia uwanja, akawasha moto, akamwosha uso mdogo wake Malale na kumpaka mafuta, kisha akambeba mgongoni hadi kwa jirani yao, Mama Yohani. Malale alishinda huko mpaka dada yake atoke shule. Mama yao, Lucia, alikuwa nesi. Baba yao, Mwandu, alikuwa mbali akichunga ng'ombe wake, huko bonde la Rukwa, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata barabara. Basi nyumba ile ya Makanyagio, mjini Mpanda, ilisimama kwa miguu ya watu wawili: mama, na binti wa darasa la sita.

Ndipo kipindupindu kikaingia mjini. Mafuriko yalizamisha pampu ya maji, watu wakarudi kwenye visima vya bondeni, na vyoo vya bondeni vilikuwa vimefurika. Haukupita muda, kambi ya wagonjwa ikajengwa kwa maturubai kando ya mji. Shule zote zikafungwa. Watoto wengine walirudi nyumbani kwa mama zao. Mama yake Nyanzala yeye aliitwa kambini, asubuhi mpaka jua kuzama.

Siku ya kwanza Nyanzala alimpeleka Malale kwa Mama Yohani kama kawaida, ili yeye aende kupanga foleni ya unga.

"Hodi, shangazi!"

"Simama hapohapo!" Mama Yohani alisema akiwa ndani, mlango kaubana kwa mguu. "Mwanangu, mimi na nyie hatujakosana. Ila mama yako anashika matapishi ya watu. Mimi nina watoto."

"Malale si mgonjwa, shangazi."

"Leo si mgonjwa," alisema Mama Yohani, na mlango ukafungwa.

Nyanzala akajaribu mlango wa pili, na wa tatu. Kwingine walimjibu kwa upole, kwingine hawakumjibu kabisa. Watoto aliokuwa akiruka nao kamba walimpigia kelele kutoka mbali: "Watoto wa kambini hao! Msiwaguse!" Malale, asiyejua lolote, akawapungia mkono.

Jioni mama alisikiliza habari hiyo akiwa amesimama nje, ananawa mikono kwa maji ya dawa. "Nitaomba ruhusa nikae na nyie," alisema.

"Na wagonjwa, mayu?" aliuliza Nyanzala. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

Lucia akarudia kunawa mikono. Manesi wa kambi nzima hawakutosha kujaza benchi moja.

Aliyewafungulia mlango ni Mama Dieudonne, mama wa Kirundi aliyehamia mjini kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba. Mumewe, Celestin, alikuwa fundi wa ile pampu iliyozama, naye alishinda kwenye matope akihangaika nayo. "Mimi nilivuka mpaka na mtoto mgongoni," Mama Dieudonne alimwambia Lucia, "na najua mlango uliofungwa unavyouma. Walete. Wa kwako, na wa wenzako wa kambini."

Basi uwanja wake ukajaa. Alikuwepo Candide, mtoto mdogo wa mama mfagizi wa kambi, aliyependa kushika sketi ya Nyanzala kila anakokwenda. Alikuwepo Methusela, mtoto wa dereva wa gari la wagonjwa, rika la Nyanzala, mdomo wake hauna kufuli. Na wengine wadogo wadogo. Mama Dieudonne aliweka sheria zake: hakuna kunawa beseni moja, kila mtu anamiminiwa, na hakuna tone la maji kuingia mdomoni kabla halijachemka.

"Kazi ya maji ni yako, Nyanzala," alisema. "Wewe ni mtoto wa nesi."

Ilikuwa kazi ngumu. Kuni zilikuwa zimelowa, moshi mwingi, moto kidogo. Siku moja Mama Dieudonne alitoka kutafuta mkaa, mchana jua likachomoza kati ya mawingu na kuchoma kweli kweli. Mtungi ulikuwa mtupu. Sufuria ndiyo kwanza imetoka kuchemka, inatoa mvuke, na watoto wamemzunguka Nyanzala wanalia kiu.

"Nesi mdogo, watu wanakauka huku!" alisema Methusela.

"Subirini yapoe."

"Yapoe mpaka lini, Krismasi? Pozea na ya baridi. Kwani maji ya kuoga nyie kwenu mnapozaje?"

Nyanzala aliangalia ndoo ya maji ya kisimani. Ni kweli, kila nyumba inapoza hivyo. Maji ya moto yakizidi, unamimina ya baridi, mambo yamekwisha. Alifanya hivyo tangu akiwa hajajua kusoma.

"Ya moto yatawachoma wadudu wa kwenye ya baridi," Methusela alizidi kumsukuma. "Wataiva kama dagaa."

Watoto wakacheka. Candide akavuta sketi. Nyanzala akachota kata ya maji ya kisimani akamimina kwenye sufuria, akaongeza nyingine, mpaka kidole kikavumilia. Wakanywa wote, wakapiga na mbweu.

Mama Dieudonne aliporudi, uso umejaa masizi ya mkaa, kitu cha kwanza alichouliza ni kile kile cha kila siku. "Maji yamechemka?"

 Hapo ndipo Nyanzala alipojua kwamba kuna kitu hakikukaa sawa, kwa sababu alitafuta jinsi ya kujibu. "Yamechemka, mama," alisema. Methusela akaangalia vidole vyake vya miguu.

Asubuhi yake Candide hakushika sketi ya mtu. Alikuwa amelala kwenye mkeka pale kwa Mama Dieudonne, macho yamezama, anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Gari la wagonjwa likaja kumchukua, na liliposhuka kilima majirani walikuwa wamekwishajaa kwenye ua.

"Tulisema!" alipaza sauti Mama Yohani. "Manesi wanaubeba kwenye nguo zao! Sasa wameuleta mtaani!"

Lucia alikuwa amekuja na lile gari, naye alibaki. Aliyasikia maneno yale akakaa chini, kwenye matope, na sare yake.

"Ni mimi," alisema. "Juzi jioni nilimbeba Candide kabla sijabadili nguo. Nimemuua mtoto wa mwenzangu." Akafuta uso. "Nakwenda kurudisha sare. Kuanzia leo nakaa na wanangu."

"Na mimi siwezi kupigana na mtaa mzima," alisema Mama Dieudonne taratibu. Alionekana amezeeka ghafla. "Kila mtu amchukue wake."

Nyanzala alisimama nyuma ya mama yake. Mama anabeba kosa lisilo lake. Kambi inapoteza nesi. Na watoto hawa wanatawanyika, kila mmoja na maji yale tumboni, bila mtu kujua.

Methusela alimbana mkono. "Nyamaza," alinong'ona. "Wakijua, tumekwisha."

Nyanzala akauchomoa mkono wake. "Mayu, si wewe," alisema. "Ni mimi. Nilipoza maji na ya kisimani. Nikamwambia Mama Dieudonne yamechemka."

 Nyanzala alisubiri kofi, na kwa kweli alilitaka. Lakini Lucia alisimama wima.

"Nani alikunywa?"

"Wote."

"Hakuna mtoto kuondoka hapa!" alisema Lucia. "Mama Dieudonne, mwaga maji yote yaliyobaki. Chemsha mengine, tuchanganye na chumvi na sukari. Wewe Methusela, mbona umejikunyata? Leta vikombe!"

Mama Dieudonne aliwageukia waliokuwa kwenye ua. "Nyie mlisema nguo. Kumbe ni kisima. Na kisima hicho hicho ndicho mnachokunywa." Mama Yohani akageuka na kukimbilia kwake kumwaga ndoo zake.

Kabla ya adhuhuri Malale alianza kuharisha, na mwingine baada yake. Walikuwa wamekwishaanza kunyweshwa kijiko kwa kijiko, basi hawakukauka, na kambini walipona. Candide ndiye aliyezidiwa. Mama yake alifagia hema huku mtoto amelala kwenye kitanda cha pembeni, haitiki akiitwa. Nyanzala hakula vizuri siku zote hizo. Candide aliporudishwa kwa Mama Dieudonne alikuwa mwepesi kama bua la mahindi, hawezi kusimama, na alipomwona Nyanzala aligeuzia uso ukutani.

Watoto walibaki pale kwa Mama Dieudonne, na Lucia alibaki na sare yake. Lakini mvua haikukatika, shule haikufunguliwa, na kila siku kulikuwa na nyumba iliyozika bila matanga.

Nyanzala akamwendea Mama Dieudonne. "Kazi ya maji mpe mwingine, mama. Mimi sifai."

Mama Dieudonne alimkalisha karibu. "Sikiliza, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa Kirundi. " Kupoza yale maji ulikosea kwa kutojua, na sasa umejua. Lakini neno 'yamechemka' ulilisema ukijua. Ungesema kweli jioni ile ile, ningewanywesha dawa wote kabla ya kulala. Candide alilala usiku mzima na uongo wako badala ya dawa. Kweli ni kama maji ya chumvi na sukari: inaponya ukiiwahi. Ukiichelewesha, unamkuta mtu amekwisha kauka. Wewe ulichelewa, lakini Malale umemuwahi. Kazi ya maji itabaki kwako, maana hakuna mwingine hapa atakayeiogopa kama wewe."

Nyanzala akauliza, "Na kama Candide angekufa, mama?"

"Ningekuambia maneno haya haya," alisema Mama Dieudonne. "Ila ningekuambia nikilia."