Barua ya Mafao ya Phanuel

Kila jioni Naliaka akitoka shuleni Butali, alichota maji, akawasha moto na kusonga obusuma, yaani ugali, wa baba yake, Phanuel. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mahakama ilikuwa imevunja ndoa ya wazazi wake, na mama yake, Pascalia, alikuwa amerudi Lubao kwa kaka yake, Osiako. Osiako alikuwa mtu wa majivuno. Wiki hiyohiyo alirudisha ng'ombe wote wa mahari, akisema hafugi mifugo ya mtu.

Phanuel alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha sukari. Jioni moja alikuja na barua.

"Nisomee, mama," alimwambia bintiye. "Miwani imevunjika."

Naliaka alisoma. Mafao ya kustaafu yalikuwa tayari. Baba angelipwa mwezi ujao.

Phanuel aliikunja barua haraka. "Ulichosoma, kimeze. Mama yako anadai sehemu. Nimemwambia mpatanishi wa mahakama kwamba sijajibiwa. Ng'ombe walirudi, ana dai gani tena?"

"Lakini baba, mshahara ukichelewa, mama ndiye alikuwa analimanga miwa ya watu ndio tukule."

"Na karo ya sekondari utalipiwa na nani? Na Osiako?"



Jumamosi mama yake alimkuta kwenye kinu cha kusaga mahindi. Pascalia alikuwa amekonda.

"Niambie kweli, mwanangu. Kuna barua imetoka kiwandani?"

"Sijaona, mama."

Pascalia alimwamini papo hapo. Hilo ndilo lililomchoma Naliaka.

"Basi Jumatatu nitaondoa dai. Mjomba wako ananicheka, 'Dada, ng'ombe walienda, wewe unadai mkia?' Nitarudi kulima miwa ya watu."

"Na huo mgongo, mama?"

"Mgongo ni wangu."

Usiku ule Naliaka hakula. Jumapili, baada ya ibada, alimwomba Mwalimu Gentrix simu, akampigia mama yake.

"Mama, nilikudanganya. Barua ipo. Mimi ndiye nilimsomea baba. Usiondoe dai."

Mama alikata simu.

Jumatatu, mjini Kakamega, Phanuel alikana kuwa na barua mbele ya mpatanishi, Bi. Zilpah. Pascalia alipotaja jina la Naliaka, mzee aliinama, akaitoa barua mfukoni.

"Mzee Phanuel," Bi. Zilpah alisema, "ng'ombe ni mambo ya mila. Mafao haya mliyachuma wawili. Wewe ukiwa kiwandani, nani alikuwa anatunza nyumba?"

Walikubaliana Pascalia apate theluthi moja, wakatia sahihi.

Jioni hiyo Phanuel hakugusa chakula. "Sasa hapa ninaishi na nani?" aliuliza, akageukia ukuta. Hakumwita tena Naliaka "mama". Shule zilipofungwa, msichana alikwenda Lubao, akalia mapajani mwa mama yake.

"Baba haongei nami. Afadhali ningenyamaza."

"Hata mimi sina furaha," Pascalia alisema. "Huenda atakusamehe, huenda asikusamehe, siwezi kukuahidi. Lakini ukweli haukuivunja nyumba yetu. Ilikuwa imevunjika zamani. Haki ya mtu usiifiche, Naliaka, hata anayekuomba uifiche akiwa ndiye anayekulisha."