Mwiko wa Bibi Dorcas

Mchana ule upepo haukuwapo. Majani ya migomba yalining'inia kama kanga zilizosahauliwa kambani, na moshi wa jikoni ulipanda wima. Lakini yule mwanamke wa makopo, uani kwa Epifania, alikuwa akisonga ugali.

Epifania alimtengeneza kwa mikono yake. Chuoni Kasulu, kila mwalimu mtarajiwa alidaiwa zana ya kufundishia iliyotokana na vitu vilivyotupwa, na yeye alitaka yake imfumbe mkaguzi kinywa. Kiwiliwili kilikuwa debe la mafuta, kichwa kilikuwa kifuniko cha sufuria. Mbawa za bati zilizungusha spoku ya baiskeli, na upepo ukivuma, mkono ulizunguka ndani ya sufuria iliyotoboka. Mkono ulitaka mti mwepesi, mkavu, mgumu. Akauchukua mwiko wa marehemu mama mkwe wake, Dorcas.

Katika ukoo ule, mwiko wa mama aliyekufa huvunjwa juu ya kaburi siku ya kuondoa matanga, asirudi kuwapikia walio hai. Lakini siku ile Epifania alikuwa ameviringisha mwiko wa sokoni kwenye kitambaa, ili abaki na ule wa Dorcas. Ukavunjwa huo, watu wakaitikia amina. Aliyeijua hila hiyo alikuwa Dorcas mwenyewe, chini ya udongo, na alikwenda huko na njaa. Mwezi wake wa mwisho, mikono ilipomtetemeka, Epifania alimpokonya sahani, wakiwa wawili tu chumbani, akamwambia, "Wewe hupewi tena. Unamwaga tu."

Tangu zana ile isimamishwe uani, Niyonsaba, binti yake wa miaka minne, hakugusa chakula. Siku ya tatu alikuwa amebaki macho na magoti.

"Nimeshiba," alisema, na pumzi yake ilinuka ugali ulioungua. "Bibi ameshanipa."

"Nami anipe, basi," Epifania alitania.

Mtoto alimtazama kwa huruma. "Amesema wewe hupewi tena. Unamwaga tu."

Epifania akamwita jirani yake, Bi Mwajabu, mjane wa Ujiji aliyejua kusomea maji. Bi Mwajabu hakuingia uani. Aliutazama mwiko ukizunguka, akanong'ona kwamba jini limeikuta njaa ya marehemu haina mlinzi, likaivaa kama nguo.

"Ukauvunje kaburini leo, Mama Niyo. Mtoto huyu hana siku mbili."

"Mkaguzi anakuja kesho, Bi Mwajabu. Kesho tu."

Bi Mwajabu alijifunga ushungi, akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake, darasani chuoni, mkaguzi alimpa alama A, akauliza tu inakuwaje zana inazunguka na madirisha yamefungwa, na Epifania akaung'oa mwiko akakimbia nao, akampitia Bi Mwajabu, wakapita migombani hadi kaburini, akauvunja gotini huku Bi Mwajabu akisoma na kunyunyiza maji, akisoma na kunyunyiza, mpaka kitu kisicho na koo kikalia chini ya udongo, kikalia kwa muda mrefu, kikanyamaza.

"Limetoka," alisema Bi Mwajabu. Hakumtazama.

Epifania alirudi, akasonga ugali wa moto, akaupeleka chumbani na maharage. Niyonsaba alikuwa ameelekea ukutani, kinywa wazi kama kinda la ndege.

Sahani ikiwa bado mikononi mwa Epifania, mtoto akafumba. Akatafuna. Akameza.