Skrubu Kumi na Sita

Jioni ile nilitoka shuleni kwenda kwa fundi Maige kuchukua sanduku la spika. Kazi ya kawaida tu, kama kwenda kuchukua viatu kwa fundi viatu. Ilikuwa tarehe sita Julai, mwaka 1974. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vifusi vya wachimbaji, na Maganzo nzima ilinuka moshi wa kuni na dagaa wa kukaanga.

Langoni nilimkuta mzee Bujiku, mlinzi wetu na mpiga kengele.

"Shikamoo, mzee."

Aliinua mkono. Hakujibu. Hakuwa amemjibu mtu yeyote kwa miaka thelathini.

Masikio yake yalikuwa mazima, ulimi wake mzima, ila sauti haikuwamo. Watu wa umri wake walisema ujanani alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, na wasichana walitembea siku nzima kwenda kumsikia. Siku moja, katikati ya mashindano, alifungua kinywa mbele ya umati. Hakikutoka kitu. Wengine walisema ni ugonjwa. Wengine walisema manju mwenzake alimfunga sauti. Mimi sikubishana na mtu. Nilimwandikisha kwenye darasa langu la kisomo cha watu wazima, na sasa aliweza kuandika kwa chaki, polepole, herufi moja moja.

Naitwa Paskalina. Nimefundisha darasa la kwanza karibu maisha yangu yote, na mtu wa kazi hiyo hapendi kutisha watu. Nasimulia tu kama ilivyokuwa.

Kesho yake ilikuwa Sabasaba, na bendi yetu ilialikwa kupiga uwanjani. Donatus, fundi magari, alipiga besi. Mimi nilipiga gitaa. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilisikia redioni magitaa ya Ulaya yanayonguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo wa pamba. Tangu siku hiyo sikutaka sauti nyingine. Watu walinicheka. Mwanamke, tena mwalimu, na gitaa la ngurumo! Nilijiwekea nadhiri: watanisikia Sabasaba.

Lakini spika yetu ilikuwa imepasuka. Ndiyo maana wiki mbili kabla nilikwenda Shinyanga mjini, dukani kwa mzee Jashvant.

Aliweka spika mbili juu ya kaunta. Akagonga karatasi ya ile ya kwanza kwa ukucha. *Ti, ti.*

"Hii ya redio, mwalimu. Sumaku ndogo kama kitumbua. Ukiipigia ngurumo yako, itakufa kabla ya wimbo kwisha."

Akagonga ya pili. *Du, du.* Nilisikia mpaka kwenye meno.

"Hii ilikuwa sinema. Inchi kumi na mbili, karatasi ngumu, sumaku nzito. Imezoea bastola na simba, gitaa lako haitaliogopa. Amplifaya yako wati ngapi?"

"Hamsini."

"Basi chukua mbili za sinema. Kila moja inabeba wati thelathini. Ukichukua moja tu, utaiunguza, halafu utakuja kunilaumu mimi, mzee wa watu."

"Na sanduku, mzee?"

"Hapo uchague mwenyewe. Mgongo ukiwa wazi, sauti inatembea ukumbi mzima, lakini nyembamba. Mgongo ukifungwa sawasawa, sauti inabaki ndani, inapata tumbo." Akajipiga tumboni na kucheka. "Kama mimi."

Nilichagua tumbo.

Fundi Maige alikuwa mgeni Maganzo, mzee mrefu, aliyehamia mwaka ule ule. Nilipompelekea spika na vipimo, juu ya meza yake kulining'inia kibuyu cheusi chenye ufa, kimefungwa kwa waya. Hakukuwa na upepo. Kibuyu kilikuwa kinatikisika.

"Mgongo wazi au wa kufunga?" aliniuliza.

"Wa kufunga. Nataka sauti nzito."

Alikitupia jicho kile kibuyu.

"Hata mimi," alisema, "nilitaka useme hivyo."

Sasa, jioni ile ya tarehe sita, sanduku lilikuwa tayari. Mbao za mninga, pembe zimeungana hata wembe usipite. Mgongo ulikuwa ubao mmoja, umekazwa kwa skrubu kumi na sita. Nilitazama juu ya meza.

Kibuyu hakikuwapo.

"Mwadila, mwalimu," Maige alisema, akinisalimu Kisukuma. "Hela sitaki. Nina sharti moja tu. Mgongo huu usifunguliwe. Spika ikiungua, iletwe kwangu, nifungue kwa mkono wangu."

"Kwa nini?"

"Kazi yangu sipendi ichokonolewe."

Mafundi wengi wana maringo. Nilimshukuru. Donatus akaja na mkokoteni, tukalipeleka sanduku kwenye ukumbi wa klabu, mahali palipokuwa na jenereta. Njiani alisimama mara mbili kupumzika.

"Dada, umeweka mawe humu?"

"Mninga, Donatus."

"Mninga gani una joto?"

Niliweka kiganja juu ya ubao wa mgongo. Kweli. Ulikuwa vuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe.

Ilikuwa saa moja tu, watu walikuwa bado wanapika. Tuliunganisha waya. Nikapiga uzi mnene, mara moja.

Jamani.

Vumbi lilidondoka kutoka kwenye bati. Vioo vya dirisha vililia. Sauti ilikuwa nene, chafu, tamu, imeshiba, na iliniingia miguuni ikapanda mpaka kifuani. Ndiyo hasa niliyoitafuta miaka tisa. Donatus aliruka juu.

"Mwalimu! Kesho watu watazikimbia ngoma zao!"

Nilicheka. Nikazibana nyuzi kwa kiganja. Gitaa likanyamaza.

Sanduku halikunyamaza.

Kulikuwa na kitu chini ya ile ngurumo, na sasa ngurumo ilipokwisha kilibaki peke yake. Kitu chembamba. Kinapanda… kinashuka… kinapanda tena. Nilifikiri ni waya mbovu. Donatus alizima amplifaya. Akachomoa waya wa gitaa. Akachomoa waya wa spika wenyewe, akaushika mkononi mwake, hewani.

Kiliendelea.

Alikuwa mtu anaimba.

Harufu ilitoka mbele ya spika, harufu ya asali iliyochacha na ugoro wa zamani. Maneno hayakusikika vizuri, ila nilitambua mwendo wake. Ni mwendo wa manju anayeita watu wake waje uwanjani.

"Dada…" Donatus alinong'ona. "Angalia mlangoni."

Mzee Bujiku alikuwa amesimama pale. Alikuwa amekuja mbio kutoka shuleni, bila viatu, kifua kinapanda na kushuka. Hakututazama sisi. Alilitazama sanduku, machozi yakimtoka.

Na midomo yake ilikuwa inacheza.

Sanduku lilipopanda, kinywa chake kilifunguka. Sanduku lilipovuta pumzi, naye alivuta. Sauti ilikuwa kule, kinywa kilikuwa huku, na baina yao kulikuwa na sakafu tupu.

Mzee alitoa kipande cha chaki mfukoni. Akapiga magoti juu ya saruji, akaanza kuandika. Y. A. Nje nilisikia nyayo zinakuja, taratibu, za mtu asiye na haraka. N. Nilitaka kumwambia aharakishe. Sikumwambia. Mwanafunzi anayeandika hahimizwi. G. Nyayo zilifika barazani. U.

YANGU.

"Mwalimu," alisema Maige kutoka mlangoni, "nimesikia umelijaribu. Linafaa?"

"Linaimba lenyewe."

"Si ulitaka sauti nzito? Ulidhani uzito unatoka kwenye mbao?" Alimtazama Bujiku pale chini kama mtu anavyotazama kuku wa jirani. "Huyu alinishinda mara saba. Mara saba, watu wakinigeuzia mgongo katikati ya wimbo wangu! Ya nane sikukubali. Kibuyu kilipopata ufa, niliogopa sauti yake itanitoroka. Ukaja wewe, ukaniomba mwenyewe nitengeneze kitu kisichovuja."

Nilihisi aibu kuliko hofu. Ni kweli. Niliomba mwenyewe.

"Donatus," nilisema, "nipe bisibisi."

Donatus alisita. "Dada Paskalina… kesho ni Sabasaba. Tupige kwanza. Tufungue keshokutwa."

Nakiri, na mimi nilisita. Ile ngurumo ilikuwa bado kifuani mwangu. Usiku mmoja tu, nilijiambia. Amekaa bubu miaka thelathini, siku moja zaidi ni nini? Kisha nikaziona tena zile herufi sakafuni. Nilimfundisha mwenyewe. Mtu hawezi kumfundisha mzee kuandika, halafu akakataa kusoma.

"Bisibisi, Donatus."

Maige hakunizuia. Alicheka tu, kwa upole kabisa.

"Fungua. Lakini kitu changu hakikai kitupu. Akitoka yeye, ataingia anayefungua. Mwalimu bila sauti… utawafundisha watoto kwa kupiga makofi?"

"Nimeshafundisha darasa la watoto themanini na tano bila madawati," nilisema. "Nitajua la kufanya."

Niliinama. Nikaanza kuhesabu kwa sauti yangu ya darasani, ile inayofika mpaka dawati la nyuma.

"Moja!"

Skrubu ilidondoka sakafuni.

"Mbili! Tatu!"

Ubao ulizidi joto. Uimbaji ndani uligeuka kuwa kwikwi.

"Nne. Tano. Sita."

Kwenye ya saba nilikohoa. Kwenye ya tisa sauti yangu ilipasuka kama ya mvulana. Nilihisi uzi mwembamba unavutwa kooni mwangu, polepole, kutoka chini kabisa.

"Kumi…"

Maige alisogea karibu. "Acha. Bado unayo kidogo."

"Kumi na moja…"

Ilikuwa pumzi tu. Kumi na mbili niliisema kwa midomo. Nilipofungua kinywa kwa ya kumi na tatu, hakikutoka kitu. Nikaijua ile siku ya mzee Bujiku, umati mbele, kinywa wazi, na ndani hakuna mtu. Machozi yalinitoka. Mkono haukuacha. Niliizungusha skrubu, ikadondoka.

Kimya.

Kisha, nyuma yangu:

"Kumi na tatu."

Sauti ya kijana. Safi, ya juu, ya miaka ishirini na mitano. Ilitoka kwenye kinywa cha mzee asiye na meno ya mbele.

"Kumi na nne," alisema Bujiku, akisimama. "Kumi na tano!"

Maige aliziba masikio. Alitoka kinyumenyume, akajigonga kwenye fremu ya mlango, na tukasikia nyayo zake zinakimbia. Sasa zilikuwa na haraka.

"Kumi na sita!"

Ubao ulianguka.

Ndani, katikati ya zile spika mbili, kulikuwa na vipande vya kibuyu na uzi mweusi wenye mafundo saba. Fundo moja, bila shaka la mzee Bujiku, lilikuwa limelegea lenyewe. Moja, la mwisho, lilikuwa jeupe, jipya, bado limelowa. Nilijua ni langu. Matano mengine yalikuwa ya zamani, yameshika kama mawe.

Miaka yote nafungua kamba za viatu vya watoto. Niliketi chini, nikayafungua yote. La kwangu nililifungua mwisho. Donatus alinishikia taa.

Sauti yangu haikurudi usiku ule. Wala sikuihitaji. Kesho yake nilisimama uwanjani na sanduku lenye mgongo wazi. Ngurumo haikuwapo. Gitaa lilitoka jembamba, likatembea uwanja mzima, kama mzee Jashvant alivyosema. Mzee Bujiku akafungua kinywa na kuimba. Bibi mmoja mwenye fimbo aliiacha fimbo yake chini. Ngoma mbili kubwa zilibaki zinachezwa bila watazamaji, maana watu wote walikuwa kwetu.

Siku ya tatu niliweza kusema "keti" na watoto wakaketi. Koo langu limebaki na mkwaruzo tangu hapo.

Maige hakuonekana tena. Yale mafundo matano sijui yalikuwa ya nani. Baadaye tulisikia kuwa kuna mama kule Segese, bubu wa miaka mingi, alimwita mwanawe kwa jina alfajiri ile ya Sabasaba. Huyo ni mmoja. Wanne waliobaki… nafikiri wenyewe walikwisha kufa, sauti zikakosa pa kurudi. Nasema hivyo kwa sababu sanduku liko sebuleni kwangu mpaka leo, na kuna mchana ambapo hakuna waya, hakuna gitaa, nami naona karatasi za spika zinakwenda mbele na kurudi, kama kifua cha mtu aliyelala. Sikimbii. Navuta kigoda, nakaa, nawaambia kama ninavyomwambia mtoto anayeogopa kusoma mbele ya wenzake: "Anza. Nakusikiliza."

Vijana wapiga gitaa hunishauri niufunge ule mgongo, nipate uzito. Nawaambia hapana.

Wapo wengine wanaotaka niufunge. Kila mwaka, asubuhi ya Sabasaba, nakuta ubao wa mninga umeegemezwa mlangoni kwangu. Umerandwa vizuri. Vipimo vile vile. Matundu kumi na sita.

Sijui nani huuleta. Naupasua kwa shoka, napikia maharage. Kuni zote hulia motoni, zinapasuka, zinatoa cheche. Huo haulii. Unaungua kimya kabisa, mpaka majivu.

Nami, nikikoroga chungu changu, naimba.