Blanketi Halinenepi

Kila asubuhi Hussein alitoa cherehani yake barazani, pale Issuna, hatua chache kutoka barabara kuu. Alishona suruali, sare za shule na magauni ya kitenge. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Mkewe, Chiku, mama wa mtoto wao Azizi, alifagia chini ya cherehani. Hakuna aliyeuliza kwa nini mmoja ana cherehani na mwingine ana fagio. Aliyefaidika alinyamaza.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, Chiku aliomba afundishwe kushona.

"Utanivunjia sindano," Hussein alimjibu, akacheka.

Chiku hakubisha. Hakusahau pia. Alijifunza kwa kutazama. Hussein akienda kuswali Ijumaa, yeye aliketi kwenye cherehani. Vipande alivyofagia hakuvitupa. Aliviunga, vikawa mablanketi mazuri.

Basi watu wakaanza kufika barazani hivi:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Leta kitambaa nikupime."

"Hapana, baba. Namuulizia mama Azizi, yule wa mablanketi."

Siku moja walifika watatu wa namna hiyo kabla ya saa nne. Hussein aliwaelekeza ndani kwa kidole tu. Wivu ulimchoma kama mwiba. Mimi nashona koti lenye bitana, aliwaza, wao wanasifia viraka.

Mchana huo Filipo, fundi pikipiki, alipita kuomba kitambaa cha kufutia oili. Aliomba kitambaa kimoja. Hussein akampa magunia mawili ya vipande vya Chiku.

Jioni Chiku alirudi kutoka shambani kupiga alizeti. Njiani aliona kipande cha kitenge chekundu kikining'inia kwenye usukani wa pikipiki. Kilikuwa cheusi kwa oili. Alikitambua.

"Baba Azizi, vipande vyangu viko wapi?"

"Takataka nimempa Filipo."

"Takataka nilizokusanya mwaka mzima?"

"Zilitoka kwenye cherehani yangu."

"Zilitoka chini ya cherehani yako," Chiku alisema. "Wewe ulizikanyaga. Mimi niliziokota."

Lilibaki gunia moja tu, uvunguni mwa kitanda.

Jumatatu iliyofuata Bi Rukaiya alishuka kwenye basi. Alikuwa mfanyabiashara wa Singida Mjini, na alikuwa anaandaa bweni la wasichana. Baridi ya Juni ilikuwa inakaribia, na upepo wake haumwonei mtu huruma. Alitaka mablanketi kumi.

"Ila nione moja kwanza," alisema. "Nakwenda Manyoni, nitapita hapa Jumamosi. Likiwa zuri, kazi yote ni yenu. Likiwa baya, natafuta fundi mwingine. Mama Azizi ni nani hapa?"

Hussein alisimama haraka. "Mama Azizi ni mke wangu. Fundi ni mimi. Nitalishona mwenyewe."

Chiku alikuwa mlangoni.

"Haya, fundi," alisema. "Gunia ni moja. Likiisha, hakuna jingine."

Hussein alishona siku tatu. Kila kipande alikikata kikawa mraba, hata kile kirefu. Aliunga viwili, akakata uzi. Akaunga viwili vingine, akakata uzi. Kila mshono aliuachia nafasi pana, upana wa kidole kizima. Ndivyo fundi mzuri anavyoshona suruali. Mwenye nayo akinenepa, inapanuliwa.

Ilipofika Alhamisi asubuhi, nusu ya gunia ilikuwa imekwisha. Blanketi lilikuwa na ukubwa wa mswala. Mishono ilikuwa minene kama kamba. Sakafu ilijaa vipande vilivyokatwa.

Hussein aliketi akashika kichwa. Kipi kibaya zaidi, kazi kwenda kwa fundi mwingine, au yeye kumwomba mkewe msaada? Alipima, akaona la pili ndilo linalouma. Wivu ndio huo. Mtu yuko radhi nyumba nzima ikose, mradi mke wake asipate sifa. Wanaume wangapi wamezifukarisha nyumba zao kwa namna hiyo, na bado wakaitwa vichwa vya familia?

Lakini Jumamosi haikumsubiri.

"Mama Azizi," aliita hatimaye. "Hebu njoo uone."

Chiku alilichukua lile blanketi dogo, akaligeuza. Akaanza kucheka.

"Baba Azizi, kwani blanketi linanenepa?"

"Una maana gani?"

"Umeacha nafasi ya kulipanua. Nani atakuja kulipanua? Tazama. Kipande hiki kilikuwa vidole vinne. Umekula kimoja huku na kimoja huku. Vimebaki viwili. Nusu ya kitambaa imejificha upande wa chini."

Hussein alipapasa ule mshono mnene.

"Fumua," Chiku alisema.

"Lote?"

"Lote. Kata uzi, usikate kitambaa."

Hussein alifumua mpaka alasiri. Chiku alikuwa akivipanga vipande na kumweleza.

"Kwanza, pamba ikae huku, tetroni isiyosinyaa kule. Pamba husinyaa ikifuliwa. Ukiishona kabla ya kuifua, siku ya kwanza ya kufua blanketi linakunjamana. Mimi huvifua vyote kwanza."

Kisha alikata kadibodi ya boksi la sabuni, upana wa vidole vinne.

"Hiki ni kipimo cha upana tu. Urefu uache ulivyo. Wewe ulivikata mraba, ukatupa nusu. Unga vifupi na virefu, kimoja mwisho wa kingine, upate utepe mmoja mrefu. Halafu tunaunga utepe kwa utepe."

"Na hivi vyembamba nilivyokata?"

"Unga viwili pamoja. Vikitimia vidole vinne, vinaingia."

"Mshono uwe na upana gani?"

"Ukingo wa kitambaa uende sawa na ukingo wa huu mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa. Huhitaji futi. Na ukimaliza jozi moja, usikate uzi. Ingiza jozi nyingine nyuma yake. Zitoke zimefuatana kama mishikaki. Utazikata mwishoni, kisha utapiga pasi mishono ilale."

Hussein alianza kukanyaga cherehani. Jozi zilitoka nyuma, moja baada ya nyingine. Uzi haukupotea.

"Nani alikufundisha hivi?" aliuliza.

"Si wewe," Chiku alijibu.

Jumamosi blanketi lilikuwa tayari, la kitanda kizima. Katikati waliweka blanketi kuukuu, chini shuka. Na vipande vilibaki gunia robo. Bi Rukaiya alilikunjua, akaivuta mishono kwa nguvu. Haikuachia.

"Hongera, fundi," alisema, akamnyooshea Hussein mkono.

Hussein aliutazama ule mkono. Angeweza kuupokea. Chiku alikuwa kando, akiokota nyuzi sakafuni.

"Mpe yeye," Hussein alisema. Maneno yalitoka kwa shida. "Mimi nimekanyaga tu. Fundi wa blanketi ni mama Azizi."

Vipande vilivyopungua waliviomba kwa mafundi wa vijiji jirani, na mablanketi kumi yalifika bwenini kabla ya Juni kuisha. Siku hizi, kila Jumatano cherehani ni ya Chiku, mchana kutwa. Wanawake wanne huja kujifunza. Hussein naye hukaa mkekani pamoja nao, na kadibodi yake mkononi.

Tusidanganyane, wivu wake haujaisha. Jumatano iliyopita Chiku aliinua kazi ya Selina, jirani yao.

"Tazameni mshono huu," alisema. "Leo hakuna ulionyooka kuushinda."

Hussein aliukodolea macho mshono wa Selina. Akauangalia wake. Kisha akachukua wembe, akaanza kufumua.

"Mwalimu," alisema bila kuinua kichwa, "nipe dakika kumi, halafu njoo uone wangu."