Pango Lililokwanguliwa Mtakatifu

Karatasi ya kumi na mbili ilitoka kwenye mashine ya kuchapa ikinuka beberu.

Kunigunda aliinusa tena. Wino aliukoroga mwenyewe, masizi na mafuta ya kitani basi. Bamba la shaba lilikuwa lile lile alilochonga mumewe, Ottmar: misonobari, Mto Danubi kwa chini, na pango. Zamani mbele ya pango alipiga magoti Mtakatifu Antoni na msalaba wake. Lakini tangu wahubiri wapya waingie Regensburg, watu hawakutaka tena watakatifu ukutani. Ottmar akamkwangua kwenye shaba, akapasugua hadi pakang'aa. Ule msitu mtupu uligombaniwa sokoni.

"Ottmar," alinong'ona, "mdomoni mwa pango umechora nini?"

"Sijachora kitu. Kivuli hicho."

"Kivuli kina vidole?"

Wakachapa nyingine. Kile kitu kilikuwa kimetoka nje. Wakachapa nyingine tena, nacho kimefika ukingoni mwa picha, na hapo hapo, mchana kweupe, kengele za adhuhuri zikilia, wakasikia vijiti vikivunjika chini ya nyayo nyuma ya mashine, juu ya sakafu ya mawe isiyo na kijiti hata kimoja, nyayo zikija polepole, kama mtu asiye na haraka kwa kuwa mlango anaujua.

"Mrudishe mtakatifu!" Kunigunda akasema kwa pumzi.

Ottmar akashika sindano ya kuchorea. Mkono ukagoma.

"Mke wangu... kimenishika."

Ngozi ya kiganja ilikuwa ikiingia weusi.

"Mimi sijui kuchora hata kuku!"

"Msalaba! Chora msalaba tu!"

Akampokonya sindano, akakwaruza shaba huku akiisali Salamu Maria, mstari umepinda, damu ikimtoka kuchani. Kitu kikapiga yowe la mbuzi anayechinjwa. Dirisha likapasukia nje. Harufu ikakatika.

Ottmar akapona, ila mkono wa kulia haukufunguka tena.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo, mlango ukagongwa. Alisimama mwanamke wa mji wa Straubing, ameshika karatasi kwa ncha za vidole.

"Bibi, ninyi ndio mliotuuzia huu msitu?"

"Ndiyo, dada."

Akaikunjua. Mbele ya pango, pale palipokwanguliwa, alipiga magoti binti mdogo mwenye nywele za kusuka, ametazama ndani.

"Huyu ni Barbel wangu," mwanamke akanong'ona. "Nimemtafuta siku nne. Mtoeni."